Kijiji Kilichokufa Mara Kumi na Tisa Mezani Kwangu

Rudewa, Kilosa
Jumatatu

Kwa mdogo wangu Oliver, Mikumi.

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Naandika barua kwa sababu kwenye simu huwa unacheka, na jambo hili halichekeshi. Naomba kwa heshima uje uichukue kompyuta uliyompa shemeji yako Yeremia, kabla ya mkutano wa Jumamosi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema kilichomo kwenye kompyuta hiyo ni mchezo tu. Karata ni mchezo: unaonyeshwa asubuhi, mchana unamfunga aliyekufundisha. Huu wako unampa mtu kijiji kizima akiendeshe, na mashamba, mifugo, visima na ghala, na vitufe visivyohesabika. Mwanamume aliyekataa kusoma karatasi ya dawa ya mahindi sasa ana daftari, anajifunza namna ya kufurahi.

2. Wanakijiji wake wamekufa wote mara kumi na tisa. Wamekufa kwa njaa, kwa kiu, na kwa theluji, ambayo hapa Kilosa haijawahi kumuua mtu. Kila wakiisha, yeye anachangamka. Anasema utamu wa mchezo huu unakuja ukishashindwa sana. Mimi nimeshindwa na mvua, na nguruwe pori, na yeye mwenyewe, na utamu huo bado nausubiri.

3. Palizi nimelima peke yangu. Hili halina maelezo.

4. Hili ndilo kubwa. Unajua ng'ombe wa jirani yetu Mhoja hawafiki mtoni ila kwa kukatiza shamba letu, na kwamba miaka mitatu nimekataa kutoa hata hatua moja. Kamati ya usuluhishi imekuja mara nne, ikanywa chai yangu, ikaondoka. Jumamosi inakuja tena. Yeremia alikuwa upande wangu. Juzi akainua uso kwenye kompyuta, akasema, "Mama Lightness, ukiwafungia ng'ombe njia, kijiji hakivuki mwaka wa tatu."

Oliver, nimeolewa na mtu anayeshauriwa na marehemu.

5. Ili kumuaibisha, nimekaa mwenyewe nikaanzisha kijiji changu, nikakizungushia uzio imara, aone mkulima wa kweli anavyofanya. Viwili vimeshakufa. Huo ni ubovu wa mchezo, si wangu.

Sikatai maendeleo, nakataa upuuzi unaohitaji daftari. Msalimie sana Paulina, watoto, na majirani zako wote walio na akili ya kucheza karata.

Ni mimi dada yako,
Scolastica

Nyongeza, Alhamisi: Barua imekaa siku tatu ikingoja mtu wa kuja Mikumi. Vijiji vyangu sita vimekufa, vyote mwaka wa tatu. Ng'ombe walikosa maji wakaisha, samadi ikaisha, mahindi yakadumaa, watu wakafuata. Nililia, na sioni aibu kusema. Cha saba nimefungua uzio upande wa mtoni, hatua ishirini, ng'ombe wapite baada ya mavuno. Leo kiko mwaka wa tisa na watu wangu wanaoana.

Basi asubuhi nimepima hatua ishirini kwenye shamba letu, kando ya ile mikonge ya mpaka, nikamwita Mhoja aje na vigingi. Yeremia usimwambie, atasikia Jumamosi pamoja na kamati. Kompyuta usiifuate. Mhoja alitaka kusimama anishukuru, nikamwambia aende salama, mimi nina watu wanaonisubiri kuvuna.