Kuhusu Lami Kuukuu ya Mtaa Wetu na Mzee Aliyeitandaza

Kwako Ndugu Mhandisi Mkuu wa Barabara,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeketi, maana ni ndefu. Mimi ni binti wa mzee anayeishi nyumba ya tatu kutoka kona ya seremala, ile yenye mlango wa kijani na benchi nje. Baba yangu unamjua kwa sura: amesimama nyuma ya utepe wenu siku kumi na moja mfululizo, mikono mgongoni, na hata siku ya mvua hakukosa. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikosi kilichotandaza lami ya mtaa huu miaka ishirini na sita iliyopita. Mwaka huo huo nilizaliwa mimi. Barabara ile na mimi ni rika, na naomba ulizingatie hilo unaposoma yafuatayo.

Mimi si mtu wa kulalamika. Jambo likinikera hulitafuna kimoyomoyo wiki nzima, kisha nikalimeza. Haya yamekataa kumezeka, ndiyo maana nimeyapanga kwa namba, ili usipate taabu kuyajibu.

1. Mashine yenu ilikuja bila hodi. Tulikuwa tunakunywa chai, vikombe vikaanza kutembea vyenyewe mezani. Tulipotoka tukakuta mtambo mkubwa kuliko nyumba yetu unaikwangua lami na kuitapikia kwenye lori, vipande vyeusi vidogo vidogo. Mtu aliyeitandaza lami ile alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe, na hakuna aliyemwambia hata pole. Ndugu Mhandisi, hata anayekuja kuchinja kuku huuliza kwanza mwenye kuku yuko wapi.

2. Lami yetu imechanganywa na ya watu wengine. Nililifuata lori kwa miguu hadi kwenye uwanja wenu na nimejionea kwa macho yangu: lami ya mtaa wetu imemwagwa rundo moja na ya mtaa wa juu, watu ambao hatujaelewana nao tangu walipogeuza mtaro wao ukaelekea kwetu. Nilimwomba mlinzi anionyeshe ipi ni ipi. Alinitazama kwa huruma akasema, "Dada, lami ni lami." Naelewa kwamba mnaichekecha, mnaipasha moto, mnaiongezea mpya, kisha inarudi barabarani. Sina ugomvi na utaalamu huo. Ninachouliza ni kwamba itakaporudi, nitajuaje kama ninakanyaga kazi ya baba yangu au ya baba wa mtu wa mtaa wa juu? Naomba kila punje irudi ilipotoka.

3. Hakimu. Lile shimo lililokuwa mbele ya mgahawa bila shaka mna jina lake la kitaalamu. Sisi tulikuwa tunaliita Hakimu, kwa sababu hakuna aliyefika mbele yake na kiburi akaondoka nacho. Mjomba wangu aliacha kuendesha pikipiki kwa mkono mmoja baada ya kufikishwa mbele yake mara moja tu. Sasa, kwenye mkutano wa wakazi, mhandisi wako kijana alishika kipaza sauti akaeleza kwamba shimo lile lilitokana na "uzembe wa mtu fulani wakati wa ujenzi", kwamba sehemu ile haikushindiliwa inavyotakiwa. Baba alikuwa ameketi mstari wa pili. Aliinama akaangalia viatu vyake, na tangu siku hiyo sijala nikashiba. Nadai uchunguzi. Mzembe huyo atafutwe popote alipo, atajwe mbele ya wakazi wote na aombe radhi, ili baba yangu asibebe mzigo wa mtu.

4. Udongo wetu mnaulisha chokaa kana kwamba ni mgonjwa. Chini ya lami mmekuta ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mmesema hamtauchimba na kuutupa, bali mtauchanganya na chokaa hapo hapo ulipo mpaka ushike. Mama anasema hilo si jambo geni, hata yeye aliolewa na udongo wa namna hiyo akautengeneza hapo hapo ulipo. Sawa. Lakini vijana wenu wa maabara walichimba sampuli zote mahali pamoja, pembeni ya mgahawa, kwa kuwa pana kivuli. Hapo ndipo mwenye mgahawa humwaga majivu ya jiko lake, yanayokaza udongo kama chokaa, kila asubuhi tangu nikiwa mtoto. Majibu yakaja na sifa tele: udongo wa mtaa huu ni imara kwa asili yake, chokaa kidogo tu itatosha. Mtaa mzima ulijua kwamba mmepima jiko.

Baba hakuishia kujua. Alikwenda kwenye kona ya seremala, akachota udongo, akaulowesha, akaufinyanga tonge na kuuachia kutoka usawa wa kiuno, kama alivyokuwa akifanya kazini kila asubuhi. Tonge zuri hupasuka vipande viwili vitatu. Hili lililala bapa kama mtu aliyechoka. Akawaonyesha, akawaambia waongeze chokaa pale, la sivyo patazama. Fundi wa maabara, kijana mwenye sauti ya upole, akamjibu, "Mzee wangu, tafadhali rudi nyuma ya utepe."

Baba akarudi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mashine yenu. Nilitaka abishe.

5. Hapa ndipo penye kiini cha barua. Mmesimamisha bango mwanzo wa mtaa linalosema HAKUNA KINACHOTUPWA. Lami ya miaka ishirini na sita inarudi kazini. Udongo uliokuwa haufai unarudi kazini. Hata mawe ya ukingoni nimeyaona yakipanguswa. Katika barabara nzima ya zamani, kitu pekee ambacho hakikurudishwa kazini ni mtu aliyeijenga. Yeye alipofika miaka sitini ofisi yako ilimpa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Saa inakwenda nyuma. Naye hapumziki: mwezi huu ameusawazisha uwanja wa nyuma mara tatu, na kuku wetu sasa wanateleza.

6. Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya. Kwanza, mturudishie lami yetu yote, na Hakimu mahali pake. Hilo likishindikana, kanuni ya mchanganyiko itumike na kwa binadamu. Bango lenu linasema theluthi moja ya lami mpya itakuwa kuukuu. Basi theluthi moja ya kila kikosi iwe ya wazee. Wachekecheni kama ni lazima, wapasheni moto kidogo (chai inatosha), kisha muwachanganye na vijana wakiwa bado vuguvugu. Na kwa kuwa sheria ni msumeno, kanuni ianzie ofisini kwako: tungependa kujua mapema, Ndugu Mhandisi, siku ya kustaafu kwako utatandazwa mtaa gani. Yote yakishindikana, nitaketi mbele ya mtambo na kiti changu na kitabu. Nimeshamwarifu mkuu wangu wa maktaba kwamba huenda nikachelewa kazini.

Wasalimie vijana wa maabara, pamoja na yule wa upole. Msalimie mwendesha mtambo, ambaye mama anasema amelelewa vizuri, na mlinzi wa lile rundo, na wote nyumbani kwako. Hapa kwetu wote wanakusalimu, isipokuwa baba, ambaye hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi, mwenye heshima na hasira kwa kipimo kimoja,

Binti wa Nyumba ya Tatu

Nyongeza: Nilichelewa kuituma barua hii, na mambo yamegeuka. Jana asubuhi mtambo wa kushindilia ulizama kwenye kona ya seremala hadi nusu ya gurudumu. Kabla ya saa nne fundi wa maabara alikuwa mlangoni kwetu, kofia mkononi, akiuliza kama mzee yupo. Baba alimwacha asimame kidogo, kwa heshima ya utepe, kisha akaitisha buti zake za kazi. Ilibidi tusubiri, kwa sababu mama alikuwa amepanda maua ndani yake. Sasa chokaa imeongezwa, sampuli zinachimbwa anaponyoosha kidole yeye, na ameombwa arudi kesho na keshokutwa.

Alirudi jioni mweupe kwa chokaa mpaka kwenye nyusi, akaikuta barua mezani, akaisoma akiwa na penseli. Alipofika namba tatu akacheka mpaka akatafuta kiti. Anasema siku ile ya kutandaza walikuwa wamebakiza kipande cha mbele ya mgahawa tu, lami ingali ya moto, alipokuja mtu mbio kumwambia kwamba mama amepelekwa kujifungua. Akamchukua mwendesha mtambo wa kushindilia wa kikosi chake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na baiskeli, wakaondoka. Waliporudi lami ilikuwa imepoa, na lami iliyopoa haishindiliki.

"Nilikuwa na vitu viwili vinavyonisubiri," aliniambia, "na ni kimoja tu kinachoweza kuzibwa kifusi baadaye."

Basi mzembe amepatikana, Ndugu Mhandisi. Alikuwa na uzito wa kilo tatu na hakuwa bado amepewa jina. Naomba radhi mbele ya wakazi wote. Naondoa dai la uchunguzi, na namba nyingine zote pamoja nalo. Hakimu asirudishwe. Lami yetu ichanganyeni na ya yeyote, hata ya mtaa wa juu.

Nabakiza ombi moja, na baba ameshalikubali kwa niaba ya ofisi yako. Siku mtakapotandaza mbele ya mgahawa, nipewe taarifa. Nitakuja kusimama nyuma ya utepe, mikono mgongoni, mpaka ashindilie kipande chote. Safari hii sitamkatiza.