Sababu za Kuja Moldova

Maganda ya mbegu za alizeti yalikuwa yameshafunika viatu vya watu kwenye benchi la nje ya duka la Paraschiva, maana yake kikao kimeiva. Iacob, ambaye kijiji kizima kinamwita Ureno kwa miaka aliyobeba saruji huko, alikuwa ameshika simu mbali na macho, anasoma.

"Sikilizeni nyie mliokaa tu. Gazeti la nje limeandika sababu za kutembelea Moldova. Ya kwanza, haina watalii."

"Hiyo nayo sababu?" Trekta akadakia. Jina lake ni Haralambie. Aliendesha trekta la shamba la ushirika mpaka ushirika ukafa, na trekta likabaki uani kwake, kimyakimya. "Ni kama kumwambia mtu kanunue soseji kwa Paraschiva kwa sababu hakuna anayezinunua."

"Nimekusikia," Paraschiva alijibu kutoka ndani.

"Ya pili, utaona bata bukini wakitembea barabarani."

"Bukini tunao. Barabara ndiyo hatuna."

Wakacheka, halafu wote wakamgeukia Simion. Simion hakucheka. Tangu Pasaka wanamwita Hoteli, tena anaitika, kwa kuwa alikitangaza mtandaoni chumba chake kikubwa. Kila nyumba inacho chumba hicho: mazulia ukutani, mito imepangwa mpaka dari, vitu vyote vya harusi ya mama mwenye nyumba. Wenyewe hawalali humo hata wakiugua. Ni cha wageni.

"Vipi Hoteli, wameshafika?" Ureno aliuliza.

"Watakuja."

"Watoke wapi, bwana wewe? Basi la Italia linaondoka hapa watu wamebanana, linarudi na dereva tu."

"Si alikuja yule Mbelgiji wa baiskeli," Trekta alisema.

"Mbelgiji muache," Simion alisema.

Nani amuache Mbelgiji, utamu wote uko hapo. Alisimama kuomba maji, Eudochia, mke wa Simion, akamvuta ndani. Akamlisha mamaliga, ugali wetu wa mahindi, na jibini, akamlisha mikate ya kukaanga, akamteremshia mvinyo wa chini ya nyumba, akamlaza chumba kikubwa. Asubuhi mtu wa watu anatoa pochi, mama akataka kulia. Mgeni alipe, kwani hapa ni stendi?

"Akamfungia na dumu la mvinyo la lita tano kwenye baiskeli," Ureno alisema. "Kaanguka kabla ya kisima. Biashara gani hii, mteja anaondoka na mali yako?"

"Tumeshaongea na Eudochia," Simion alisema. "Sasa wanalipa hukohuko mtandaoni. Haoni mtu akitoa pesa, roho yake haiumi."

"Lakini kumetri," Trekta alisema, maana ndiye aliyemsimamia Aurica, binti wa Simion, ubatizo na tangu hapo wanaitana hivyo, "hiki kihoteli cha nini? Zabibu unazo, nguruwe unaye, pensheni ya kununulia mbegu unayo."

Simion hakuwa amepanga kusema. Aliwajua hawa watu, wangelitafuna jambo lake mpaka jioni. Lakini maneno yakamponyoka.

"Aurica ameniambia, baba, hicho chumba kikijaa tu, narudi. Yeye na Renzo wake. Renzo apike, yeye apokee watu."

"Aache Padova, Italia yote ile, aje kumpokea nani hapa, mbwa wa Trekta?" Ureno alitema ganda. "Mimi mwenyewe nimerudi kwa sababu mgongo ulikwisha. Ungekuwepo mgongo, msingeniona."

Simion alimchukia kwa moyo wote, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli.

Simu yake ikalia mfukoni. Miwani ameiacha nyumbani, ikabidi ampe yuleyule Ureno.

"We Hoteli," Ureno alisema, na kejeli ikamtoka sautini. "Umepata watu. Watu wazima wawili na mtoto, siku tano, Agosti. Wameshalipa."

Simion akasimama. "Paraschiva, wape bia hawa wachawi, nalipa mimi. Mnaona? Mlikuwa mnasemaje vile? Haya soma, wanatoka wapi hao wenye akili zao?"

"Italia."

"Majina?"

Ureno alikohoa. "Renzo. Na Aurica."

"Aurica wako wengi huko," Trekta alisema haraka.

"Mtoto anaitwa Simione," Ureno alisema.

Paraschiva alikuwa ametoka na bia, akasimama nazo mlangoni.

"Ameandika neno lolote?" Simion aliuliza.

"Hapana. Kuna mahali tu wanauliza sababu ya safari."

"Amejaza nini?"

Ureno aliitazama simu muda mrefu kuliko neno lenyewe. "Utalii."

"Sasa kumetri, si alisema chumba kikijaa atarudi?" Trekta alijaribu. "Ndiyo kimejaa hivyo."

Simion alichukua simu yake, akavaa kofia.

"Mwambie Eudochia amtandikie mwanawe kitanda chake cha zamani," Paraschiva alisema kwa upole. "Kile cha karibu na jiko."

"Kile cha wenyeji," Simion alisema. "Huyu anakuja mgeni, atatandikiwa chumba kikubwa."

Akashika njia ya kwake, na bia yake hakuna aliyeigusa, hata Ureno.