Kamati ya Usawa, Ghorofa ya Tatu

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba katika mwaka ule wa ubinafsishaji, shirika letu la magunia hapa Arusha liliunda Kamati ya Usawa wa Kufanyia Kazi Nyumbani kwa Sababu za Dini na Ulemavu. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Sikuombwa mara mbili.

Maombi ya dini tuliyapitisha chapuchapu, maana imani ya mtu haipimwi. Ludovick wa uhasibu alisema jumuiya husali kwake asubuhi, tukampa siku mbili kwa wiki. Mimi, Mlutheri wa kuonekana kanisani wakati wa sikukuu ya mavuno, niligundua ghafla kwamba ni mcha Mungu wa kutisha. Nikajipa siku tatu, nikawa nazitumia kumtafakari Muumba kwenye shamba langu la nyanya kule Usa River.

Likabaki ombi la Tabea, mpiga chapa wetu. Polio ilimwachia mguu mbovu, ofisi iko ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa tangu enzi za foleni ya sukari. Aliomba kazi azipigie chapa nyumbani kwake, mtaa wa Sakina. Hapo tukawa makini, kwa sababu mguu unapimika. Tukaazimia apande hadi mbele ya kamati, athibitishe kwamba hawezi kupanda. Asipofika ni mtoro, anaachishwa kazi. Aikaeli wa utumishi akauliza, je, akifika? Nikamjibu kwamba akifika basi anaweza, tutampongeza.

Siku yenyewe tulikuwa pia tunamngoja Mzee Amarjit, aliyelinunua shirika. Tarishi wetu Dismasi akapanda kutuambia kwamba Tabea yuko chini kwenye benchi la mlinzi, anaomba kamati ishuke. Nilikataa. Tukimshukia Tabea leo, kesho tutamshukia nani? Na kusema kweli, sambusa zilikuwa bado za moto.

Dismasi akarudi akihema. Akasema sasa kuna na mzee mmoja kwenye benchi, magoti yanamsumbua, naye anaomba tushuke.

"Mwambie apande kama wenzake," nikasema.

Tukangoja mgeni wetu mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukashuka kumtafuta barabarani. Tulimkuta kwenye benchi, anaongea na Tabea.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye umesema nipande?"

Nikajieleza kwa kirefu kuhusu taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Huyu mama atapigia chapa kwake," akasema. "Na ninyi nasikia mnapenda sana kukaa nyumbani."

Nikasema ni kwa ajili ya imani.

"Vizuri. Basi kaeni huko siku zote. Kazi itabaki hapa."

Nikashika ukuta. Tabea akasogea kunipa nafasi kwenye benchi.

"Kaa, Mwenyekiti," akasema kwa upole. "Huku chini hatuombi uthibitisho."