Mturudishie Besi Wetu

Fereej Bin Mahmoud,
Doha.

Kwa Ndugu Oloo,
Mwenyekiti, Kikundi cha Uvuvi cha Ndoana Njema,
Al Thumama.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: KUPOTEA KWA BESI

Nakuandikia kwa heshima zote nilizobakiwa nazo. Si nyingi, kwa hiyo nitazitumia kwa uangalifu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekauka, na huna ndoana kidoleni.

Mimi ni Athanas, mwalimu wa Kwaya ya Sauti Nne. Huenda hunijui kwa sura, lakini hasara uliyonitia unaijua vizuri. Kwaya yangu ina soprano wa kugawia hata majirani, ina alto wanaojitahidi, ina teno wanaopenda kusifiwa, na ina besi mmoja tu. Huyo ni Mutai, dereva, mtu wa Bomet, ambaye tunaishi naye chumba kimoja hapa Fereej Bin Mahmoud. Mutai akishusha sauti, vikombe kabatini vinaitikia.

Siku ya Kwaya imekaribia. Wafilipino watakuwepo, Wahindi watakuwepo, Waethiopia na ngoma zao watakuwepo, na wote watatusikiliza. Nimetunga wimbo kwa ajili ya siku hiyo. Katikati ya wimbo sauti zote zinanyamaza, halafu besi anaingia peke yake kutoka chini kabisa, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Wimbo wote unategemea mahali hapo. Besi asipokuwepo, tutakuwa tumesafiri kutoka Afrika Mashariki kuja kuwaimbia watu kimya.

Na besi huyo mnaye nyinyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lenu. Katika kundi la WhatsApp la Wakenya wa hapa mliandika hivi: "Besi wote na wapenzi wa besi, Ijumaa alfajiri ufukweni. Mazoezi ya kutupa na kurudisha. Mje na utulivu." Chelsea, katibu wetu, muuguzi mwenye bidii isiyo na breki, akadhani ni mazoezi ya pamoja ya kwaya zote, akalisoma kanisani kati ya tangazo la harambee na la viatu vilivyosahauliwa. Mutai ni mtu wa kutii. Alifika huko na shati jeupe, tai nyeusi, na kitabu cha nyimbo kwapani. Nasikia mlimkuta amesimama mchangani akisafisha koo. Mtu mwenye utu angemwambia, pole ndugu yangu, umepotea njia. Wewe ukampa fimbo ya kuvulia.

Lugha yetu nayo haikutusaidia. Besi ameingia, besi amenaswa, besi ametoroka: hapo hujui kama ni mwimbaji au ni kitoweo. Lakini wewe ulimwona ana tai, Mwenyekiti. Uliwahi kuona samaki ana tai?

2. Besi mnayemtafuta hayupo. Nimeuliza watu wazima wenye akili zao. Besi ni samaki wa maji baridi. Kwetu yuko Naivasha, ulikofanya kazi kwenye mashamba ya maua, na huko ndiko ulikoambukizwa. Bahari ya Doha haimjui hata kwa jina. Mnachovua ni chewa, ambaye sokoni hapa kila mtu anamwita hamuri, ila nyinyi mmembandika jina la "besi wa muda". Mnasema ni mazoezi tu, mpaka siku mtakaporudi nyumbani kuvua yule wa kweli. Haya. Basi na mimi nitafute mbuzi, nimsimamishe safu ya nyuma, nimwite besi wa muda. Akilia mbele ya Wafilipino nitasema ni mazoezi.

3. Uchaguzi wa vifaa. Mutai alipochagua mke alimwona mara moja kwenye harusi ya watu, akasema ni yule, khalas, na mpaka leo wanapendana. Lakini kuchagua fimbo! Ndefu inatupa mbali, fupi inalenga vizuri. Ya ncha laini ni ya chambo chepesi, ya uti mgumu ni ya kumng'oa samaki kwenye majani. Nilimuuliza, kwa upole kabisa, hayo majani ameyaona wapi katika nchi hii. Yeye alikuwa anaendelea kuzipinda fimbo za dukani moja moja, akizisikiliza kama daktari, mpaka mwenye duka akaanza kusema yalla, yalla, sadiki, yaani haya rafiki, fanya haraka.

Halafu kuna rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Si ile rili ya watu wa kawaida inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo hata mtoto anaiweza. Hii yenu inakaa juu, kama mtoto anayebebwa mgongoni, na unaizuia kwa kidole gumba wakati mshipi unakimbia. Gumba likichelewa kidogo tu, rili inazunguka haraka kuliko mshipi unavyotoka, na mshipi wote unageuka tambi. Tambi hizo hufumuliwa juu ya kitanda changu, kwa kuwa eti chake kina giza.

4. Mimi kugeuzwa msumari wa ukutani. Kila nikikaa na chai yangu naambiwa, Mwalimu, shika hii kidogo. Napewa fimbo. Halafu Mutai anainama, anaangalia vidole vyangu, ananiambia nikunje gumba, nilaze kiganja, anaguna mguno mrefu wa besi, anaondoka zake. Fimbo nimeachiwa, chai inapoa. Kama mnahitaji kibao cha kutundikia vifaa, kuna maseremala mji huu.

Na hotuba zake! Ati rili ya aina hii kipini cha kusokotea hakihamishwi. Iliyotengenezwa ya kulia itabaki ya kulia, ya kushoto itabaki ya kushoto, na ati wewe umewafundisha kwamba kila mtu asokote kwa mkono wake wenye nguvu, la sivyo atajuta. Mutai mwenyewe husokota kwa kulia. Niliyajua haya yote bila kuomba. Mimi ni mashoto. Naandika kwa kushoto, nakula kwa kushoto nikiwa peke yangu, na kwaya naiongoza kwa kushoto, ndiyo maana alto huingia ninapowaita soprano. Mambo ya kipini yananihusu nini?

5. Matunzo. Hapa, Mwenyekiti, naomba ukae chini. Sisi tunatumia bafu moja na wapangaji wengine. Mutai akitoka baharini haogi yeye, anaiogesha rili. Kwanza anaifuta chumvi. Kisha maji matamu, tena ya polepole, kwa sababu maji ya kasi yanaisukuma chumvi ndani. Anaikausha kwa taulo. Naomba usiniulize taulo la nani. Anachukua pamba zangu za masikio na kuchokoa kila kona. Tone la mafuta kwenye beringi, grisi kiduchu kwenye gia, kiduchu tu, Mwalimu, ukizidisha inakuwa nzito. Anapitisha kipande cha pamba ndani ya vile vipete vya fimbo kuona kama kuna ufa utakaokata mshipi. Mwisho anailegeza breki kabla ya kuilaza, ili isichoke.

Rili inalegezwa ipumzike! Mimi ninayeshinda ofisini nikijibu simu za watu waliokasirika, kisha nije niwafundishe watu wazima kuhesabu mpaka nne, nani amewahi kunilegeza? Na sufuria ya ugali inalala bila kuoshwa. Na fimbo haiwezi kuachwa kwenye gari kwa sababu ya joto la Doha, kwa hiyo inalala ndani, chini ya kiyoyozi, upande wenye hewa nzuri. Nikikohoa naambiwa niangalie nisiiangushe.

6. Ukuta. Jirani yetu Eugene, Mganda, ni mlinzi wa zamu na hulala saa ambazo sisi tuko macho. Mutai akitoa noti moja tu ya chini, Eugene anagonga ukuta. Kwa sababu hiyo wimbo wangu hauwezi kufanyiwa mazoezi nyumbani, ila kanisani Ijumaa, siku yetu ya ibada hapa. Na Ijumaa Mutai huja amechelewa, ananukia chambo, anasinzia kwenye zaburi.

7. Ijumaa iliyopita. Hakuja kabisa. Alituma ujumbe kwamba yuko uwanja wa ndege na Mwenyekiti, yaani wewe, mnapokea mgeni muhimu. Mgeni! Tukaanza wimbo bila yeye, nikidhani atatokea mlangoni. Tukafika pale pa kunyamaza. Nikainua mkono wangu. Watu wote wakanyamaza vizuri, hawajawahi kunyamaza vizuri namna ile. Nikasubiri. Kilichoingia ni kiyoyozi cha kanisa, kikaguruma kwa sauti ya chini, na Chelsea akashikwa na kicheko mpaka akatoka nje. Mimi nilibaki na mkono juu.

Niliumia, Mwenyekiti. Hilo nalisema bila mzaha. Mji huu una watu wa kila aina, lakini mtu wangu hapa ni mmoja. Tulipofika hapa tulikuwa tunagawana shuka. Sasa anazungumza na gia. Sijui nilimkosea nini, wala yeye hasemi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, besi wetu arudishwe akiwa hai na amekauka. Ikishindikana, mtupe besi mwingine wa kina kile kile, nami nitampima kwa vikombe. Pili, mtu yeyote mwenye sauti ya chini apigwe marufuku kushika ndoana popote Qatar, na ikiwezekana Ghuba nzima. Tatu, rili zote zikabidhiwe kanisa, zifungiwe pamoja na divai. Nne, yule samaki abadilishwe jina. Mwiteni teno. Teno wangu ni wengi, mkiniibia mmoja sitatambua, na waliobaki watafurahi. Ombi hili la nne sioni mtu mwenye akili timamu atakavyolipinga, kwa kuwa samaki mwenyewe hayupo na hawezi kulalamika.

Nisipojibiwa nitakuja ufukweni na soprano wote, na tutaimba. Tutaona kama kuna samaki atakayebaki upande huu wa bahari.

Nisalimie mkeo Mama Wairimu, ambaye nasikia amerudi kutoka nyumbani juma lililopita, na umwambie karibu tena Doha. Wasalimie wanakikundi wote, wakavu na waliolowa. Msalimie na chewa, umwambie nalijua jina lake.

Ndimi niliyebaki na mkono juu,

Athanas Barasa,
Mwalimu, Kwaya ya Sauti Nne (kwa sasa tatu).

Nyongeza: Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa ndiyo naikunja barua hii Mutai alipoingia. Hakusalimu. Aliweka mezani kiboksi, akasimama kando kama mtu aliyeleta posa. Ndani mlikuwa na rili mpya. Kumbe ndiye mgeni mliyekwenda kumpokea, amesafiri kwenye sanduku la Mama Wairimu, kwa kuwa maduka ya hapa yalikuwa nazo za upande mmoja tu.

Niliiangalia nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa maana niliona wamemuuzia mbaya. Kipini kilikuwa upande wa kushoto. Nikamsomea hotuba yake mwenyewe yote, kwamba kipini hakihamishwi, kwamba ukikosea umejuta, kwamba yeye husokota kwa kulia, airudishe. Mutai alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, katika chumba hiki mashoto ni nani?

Mwenyekiti, nilidhani mtu wa maneno chumbani humu ni mimi. Niliuangalia mkono wangu, ule aliokuwa anaupima na chai inapoa, wiki nenda wiki rudi, nami nagombana. Akaniambia ameona nikitoka ofisini ni kitandani, nikitoka kitandani ni ofisini, bahari nimeiona kwenye kalenda, na hakutaka kuniambia mpaka ipatikane rili ya mkono wangu, maana ningekataa. Na kweli ningekataa.

Basi chumba kikawa kimya. Katika kimya hicho hicho, mahali pake hasa, bila kuinuliwa mkono na mtu, Mutai akaingia na besi ya wimbo wangu, chini kabisa, hajakosea hata noti moja. Huwa anaiimba baharini, huko hakuna ukuta. Vikombe vikaitikia. Eugene akagonga. Nikamgongea na mimi.

Malalamiko yangu, la kwanza hadi la saba, yafute. La pamba za masikio liache.

Ijumaa mnaanza saa ngapi, na je, ni lazima nivae tai?