Jinsi Mwanahamisi Alivyoiuma Betri Mbele ya Juri

Zimeni pikipiki zenu, enyi waendeshaji wa mtaa wa Kasuku hapa Kindu, na wewe muuza samaki uache kidogo kuita wateja, kwani ninalolisimulia ni kubwa kupita sauti yangu, na sauti yangu, mwaijua, si ndogo! Ewe Mola wa mbingu na wa nguzo za umeme zisizo na umeme, uniongoze ulimi nimsifu Mwanahamisi binti Ramazani, mwenye miaka arobaini na saba, mfundishaji wa fizikia, mmeza vumbi la chaki.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni vita vilipoufunga mji, ndege hazitui, treni haiji. Vitabu vyake vikawa kuni za kupikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akafundisha bila diploma, akalea, akazika, akarudi masomoni. Na sasa wakubwa wametangaza: programu ya zamani inafungwa, kikao hiki cha kutetea kazi ya diploma ndicho cha mwisho. Akianguka leo ameanguka moja kwa moja, na darasa lake atapewa mwingine.

Kazi yake ilihusu elektroni zinazozunguka ndani ya leza ndogo. Chuo hakina maabara, hata bomba la maji hakina, basi alipiga hesabu zote kwa kalamu, kurasa mia moja na nne.

Mbele yake aliketi Profesa Gérard, simba wa suti ya vipande vitatu, mwenyekiti wa juri, jopo la watahini, aliyeletwa kwa ndege, ambaye alisinzia mpaka ukurasa wa sitini, kisha akaamka na hasira zote za mtu aliyeamshwa.

"Maman!" akanguruma. "Juri hii tukufu imevuka mawingu kuja hapa! Hizo elektroni zenye kuzunguka, nani amezionaka? Hesabu ni maneno tu. Mimi nataka mwanga. Bila mwanga, hakuna diploma!"

Mwanahamisi akachomoa silaha yake, kitochi cha leza cha sokoni, urefu wa kidole. Akabonyeza. Ukutani hapakutokea kitu. Kwenye tundu lake tu, wekundu hafifu wa kutia aibu. Betri zilikuwa zimechoka.

"Nilijua," akasema Profesa, akifunika kalamu yake.

Shujaa akabonyeza tena na tena, niliona kwa macho yangu, na roho iliniuma. Ndipo kutoka kiti cha nyuma akainuka mama yake mdogo, Aïcha, ngao ya ukoo, ameshika kopo la pudra, poda nyeupe ya kumwagia mshindi.

"Mutoto yangu! Wakati wa vita redio ilikuwa inasema na nini? Si na meno yetu? Uma!"

Loo, wenye umri wanakumbuka! Betri mpya hazikuonekana, tukaziuma zile kuukuu ubavuni zitoe pumzi ya mwisho, tupate kusikia ni nani aliyetushambulia wiki hiyo.

Mwanahamisi akatoa betri ya kwanza, akaikabili, akauma. Ikakataa. Akaipeleka kwenye magego, akauma tena, ikabonyea. Ya pili ilipigana kiume, ikamvunja jino kabla ya kusalimu amri. Akatema, akazipangusa kwa kitenge, akazirudisha, akabonyeza.

Nukta nyekundu, kali, ikatua juu ya tai ya Profesa Gérard.

"Leza njo hii, Profesa, ndiyo hii," akasema, damu mdomoni. "Mbele, kabla ya kuuma, umeme ulikuwa chini ya kizingiti, kile kiasi cha kuamsha leza, kitu kiliwaka ovyo tu. Sasa umevuka. Lakini humu ndani nusu ya elektroni zinazunguka kuume, nusu kushoto, na kila kundi linalisha mwanga wake, basi nguvu inagawanyika. Zingezunguka zote upande mumoja, zingelisha mwanga mumoja, na kizingiti kingeshuka karibu nusu. Iko ukurasa wa themanini na mbili. Zingesikilizana, mimi singevunja jino."

Profesa akaufungua ukurasa wa themanini na mbili na, wallahi, akausoma. Akausoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Distinction," akasema hatimaye, akimpa daraja la heshima. "Na hii nukta, Maman, uitoe kwenye tai yangu."

Aïcha akamwaga kopo zima, na juri tukufu ikatoka nyeupe mpaka nyusi.

Basi na liandikwe! Majemadari waliopita Kindu walipewa vyeo bila kuulizwa swali hata moja. Mwanahamisi aliulizwa kumi na saba, la mwisho akalijibu kwa jino, na Jumatatu aliingia darasani kwake, akaandika tarehe ubaoni, na hakuna wa kumtoa.