Dawa Isiyo Chungu

Jumatatu, 3 Machi
Dani, nyanya yangu, amegoma kumeza kapsuli. Zile za kuyeyusha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari alisema mawe bado ni madogo. Akizimeza miezi kadhaa bila kuruka, huenda yakaisha, asipasuliwe. Dani anaogopa kisu kuliko kaburi. Lakini anasema dawa isiyo chungu ni peremende. Nilitaka kumjibu. Sauti ikakwama, kama kawaida yangu. Badala ya maneno nimepata mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimechemsha mwarobaini. Nikamwambia daktari alisahau kusema: kapsuli bila mwarobaini hazifanyi kazi. Mungu anisamehe. Dani amekunywa, akakunja uso mpaka macho yakapotea, akasema sasa hiyo ndiyo dawa. Amemtangazia Mama Eddah wa mlango wa pili kwamba Mitchelle wake atakuwa daktari. Nikajificha nyuma ya pazia, nikitabasamu kama mjinga.

Jumapili, 9 Machi
Nilikuwa natandika kitanda chake. Kapsuli zikamwagika kutoka kwa foronya. Nikamuuliza, kwa sauti ya mbu. Akasema za nini tena, nyakwara, mjukuu wangu, na mwarobaini umeshaniponya?
Jioni, baada ya chapati, akashika ubavu wa kulia akajikunja. Hakulia. Nililia mimi, nje, nikijifanya naanua nguo.

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki wamemdunga sindano ya maumivu. Daktari akauliza kama anameza dawa. Dani akaniangalia. Nikasema yote, nikiongea na viatu vya daktari. Daktari akasema mwarobaini aache, kapsuli kila siku, na mafuta apunguze.
Nyumbani Dani alipasua kapsuli moja, akaramba. Kisha akasema hii ni nyongo kabisa, kama ile tunatia kwa nyama ya mbuzi huko kwetu. Kumbe uchungu wameuficha ndani! Akameza nyingine na chakula. Akanishika mkono, akasema siku nyingine niseme tu, yeye hang'ati. Nimeahidi.

Jumatano, 12 Machi
Dani anameza bila kusukumwa. Lakini chapati zake bado zinaogelea kwenye mafuta. Nimeamua kumwambia. Nikasimama kando ya jiko, nikafungua mdomo, ikatoka salamu tu: Dani, sasa. Akasema poa. Nikatoka.
Mtungi wa mafuta nimeuficha chini ya kitanda changu. Kesho akiuliza nitamwangalia machoni, nimwambie wazi kama nilivyoahidi: ni panya.