Chui Anayekua Kila Siku

Jumatatu, 3 Juni
Cheo kinanukia! Bosi wa hifadhi kasema atakayempima vizuri chui wa kule mtoni ndiye atakuwa mkuu wa nyayo. Tunaogombea ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Akipata yeye, nyumbani nani ataniheshimu? Kazi yenyewe rahisi. Unaweka rula kando ya unyayo, unapiga picha, kisha unalinganisha na kujua ukubwa wa mnyama. Rula yangu imedumbukia chooni. Choo cha shimo! Nyingine iko stoo, na mwenye stoo ni shemeji. Nimwombe yeye? Thubutu! Nimechukua sabuni mpya nyumbani, fundi cherehani kanipimia urefu wake. Nimeiweka kando ya unyayo badala ya rula, picha imetoka safi.

Jumanne, 4 Juni
Jana nilioga kwa sabuni ya kazi. Mke kasema ndiyo hiyo hiyo, hakuna nyingine. Leo nimepiga picha, nimefanya hesabu. Chui amekua! Shemeji kauliza kama nina uhakika. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Mke kafua mashuka. Chui kafikia ukubwa wa simba. Sijui anakula nini huko.

Jumamosi, 8 Juni
Mke kafua mapazia. Chui kampita simba kwa mbali! Bosi kaniita mtaalamu mbele ya watu, na shemeji akiwepo. Kaamua chui akamatwe, na mtego wa chuma unatengenezwa kwa vipimo vyangu. Nimemwambia fundi wa kuchomelea aachanishe nondo, tuokoe chuma, maana dude la ukubwa ule halipenyi popote. Nimesimama kando yake, mikono nyuma, kikubwa. Mbuzi wa chambo nimemwazima kwa mama mkwe. Nimemhakikishia atarudi bila hata kukwaruzwa.

Jumatatu, 10 Juni
Balaa! Chui kaingia mtegoni, mlango ukajifunga barabara. Kamla mbuzi kwa raha zake, kisha katoka katikati ya nondo.

Shemeji kapanga picha zangu zote mezani. Kwenye ya kwanza, maandishi ya sabuni yanasomeka. Kwenye ya pili yamefifia. Ya mwisho ina kipande chembamba ambacho hata mimi sikukitambua. Bosi kauliza kwa upole kama nilikuwa nikioga nayo. Nikajibu kwamba tulifulia pia. Shemeji kacheka mpaka kakaa sakafuni. Chui ni yule yule, wa kawaida, tena mdogo. Cheo kapewa shemeji. Mama mkwe katuma watu wawili kuulizia mbuzi. Nimeumia jamani, sifichi.

Jumatano, 12 Juni
Shemeji kanionea huruma, kanipa nafasi ya mwisho: nimpime fungo, kale kanyama kama paka, anayezunguka ghala. Kaninyooshea na rula mpya. Nimekataa kwa heshima. Sitaki fadhila zake, na sabuni nimeachana nayo kabisa. Nimepata kitu ambacho hakuna atakayekiogea wala kukifulia: penseli! Fundi cherehani kashaipima. Jioni naandikia shajara hii, asubuhi naichonga vizuri ili ipendeze kwenye picha.

Ijumaa, 14 Juni
Fungo wa leo ni mkubwa kuliko wa jana. Shemeji bado sijamwambia. Kwanza nimtafute yule fundi wa kuchomelea.